Jina la Kitovu Shingoni

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Akinyi,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye hajakuandikia barua tangu simu ziingie mifukoni mwetu. Najua ukiiona bahasha utadhani kuna msiba, kwa hiyo naanza na hili: hakuna aliyekufa. Kaa chini, vaa miwani, unywe chai yako taratibu. Macho je? Lile jicho la kushoto walilolitengeneza linaona mpaka mtoni, au bado linaishia kwenye ua wa jirani? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Nasikia mvua za huko zimechelewa. Kila nikiona wingu likielekea magharibi naliagiza lipitie kwenu, ingawa sidhani kama linanisikia.

Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika nikipanda kilima kutoka sokoni, lakini yalianza kulalamika zamani na bado yananibeba. Ningali katika chumba kilekile, na vitabu vilevile chini ya kitanda. Kuna asubuhi naamka nikidhani nasikia mtu akipura mtama nyuma ya nyumba ya mama, kumbe ni jirani anapiga zulia ukutani. Miaka yote hii, na sikio bado halijahama.

Nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe haliingii kwenye simu. Nilijaribu juzi. Ukasema "nakusikia, nakusikia," kisha ukanisimulia harambee ya watu nisiowajua. Basi nimeamua kuliweka kwenye karatasi, tangu mwanzo, ili ulisome polepole na unijibu. Jibu lako linangojwa na watu watano, na mmoja wao bado hajafungua macho vizuri.

Otieno mwanangu anaendelea na kazi ya stima. Siku hizi anafunga nyaya katika nyumba za Spring Valley, ambako anasema hata viatu vina chumba chao cha kulala. Mkewe, Mwende, yule binti wa Ukambani uliyemwonyesha kuunga samaki tulipokuja kumzika marehemu mke wangu, ana cherehani yake sokoni hapa Kangemi. Anashona sare za shule na nguo za kwaya, na tepu ya kupimia haimtoki shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Iweke akilini hiyo tepu.

Unajua jinsi walivyongoja mtoto. Mimba mbili ziliharibika kabla hazijaonekana, na hatukukuambia ya pili kwa sababu Mwende hakutaka itajwe. Hii ya tatu ilipokaa, hakuna aliyethubutu kufurahi kwa sauti. Ilipokuwa kubwa ya kuonekana barabarani, mama yake akaja kutoka Makueni na gunia la muthokoi, yale mahindi yao yaliyokobolewa, na sauti ya kutosha soko zima. Otieno akahamia kwangu na godoro lake, maana mkwe wake analala kwake, na wewe unajua kwetu hayo mawili hayawekwi chini ya paa moja. Akienda kula kwake alikuwa anakaa karibu na mlango, sahani magotini, kama mtu aliyekuja kudai.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kwa watu wa Mwende, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, awe hai au awe amelala. Kwao hilo halijadiliwi. Kwa hiyo Mama Mwende, akiwa ameshaamua kwamba ni mvulana, bila kumuuliza mtu akaanza kuliita tumbo kwa jina langu, Owino. "Owino ameamkaje?" "Msongee Owino akae." "Owino hataki chai, anataka uji." Na mimi nikiingia jioni kuwajulia hali: "Owino mkubwa amefika! Owino mdogo, salimia babu!" Na kweli, dada, mara nyingine tumbo lilicheza.

Kwetu mtu harithishwi jina la mwenzake ambaye bado anakula ugali. Nalijua hilo. Lakini mama wa watu alikuwa ananiheshimu kwa njia ya kwao, na tangu mke wangu aondoke si wengi wanaolitamka jina langu kwa furaha. Nikaendelea kunywa uji.

Kliniki wakamwambia Mwende apigwe picha ya tumbo. Otieno alikuwa kazini, nikamsindikiza mimi. Pale tulipoelekezwa ni mjini, karibu na River Road, juu ya duka la mabomba na koki, si mbali na kiwanda cha uchapishaji nilikosoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, maisha yangu yote. Mwende alicheka kwenye ngazi akasema, "Mzee, tusipompata mtoto huku juu, chini tutapata bomba." Aliingia na mimi nikangoja nje. Baadaye yule dada wa mashine akafungua mlango akaniita nione, akidhani mimi ni baba mzazi wa Mwende. Alinionyesha kichwa, uti wa mgongo kama shanga, na moyo unaopiga haraka sana. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa kitovu kimepita shingoni, mzunguko mmoja. Inatokea sana. Msishtuke, lakini kliniki waambieni."

Kamusi inauita ule mshipa kiungamwana, lakini nyumbani wote tunasema kitovu, nami nitaendelea hivyo. Tuliteremka ngazi bila mzaha. Mwende alikuwa ameshika bahasha ya picha kwa mikono miwili kama sinia la vyombo.

Jioni ile tuliwaeleza. Mama Mwende alikuwa anapakua. Otieno, pale mlangoni, alicheka kile kicheko chake cha mtu aliyeogopa akasema, "Basi mzee, huyu ni Owino wa kweli."

"Wa kweli aje?" Mama Mwende akauliza. "Kwani kuna Owino wa uongo?"

Otieno akatazama viatu vyake. Kazi ya kueleza ikaniangukia mimi. Nikasema kwamba kwetu majina mengi husimulia saa ya kuzaliwa. Otieno alikuja usiku. Akinyi, dada yangu, alikuja asubuhi. Na Owino, au Awino akiwa msichana, ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka.

Upawa ulisimama juu ya sufuria.

"Baba Otieno. Unaniambia hii jina ni ya kitovu?"

"Ni ya mtoto aliyekuja nacho mwilini, mama."

"Na nimekuwa nikimwita hivyo. Kila asubuhi. Na wewe unakaa hapo unakunywa uji wangu, unacheka."

"Jina hufuata kitovu, mama. Kitovu hakifuati jina."

"Nani amekuambia? Uliingia ndani ukaangalia?"

 Nimesoma vitabu vingi, dada, lakini hilo halikuwa katika hata kimoja.

Tangu jioni ile jina langu lilifutwa katika nyumba ya mwanangu. Tumbo likaitwa Mgeni. Mimi nikawa "Baba Otieno," na Mama Mwende akiongea juu yangu na watu wengine nikawa "yule mzee wa vitabu." Kisha akaigeukia tepu.

"Toa hiyo kitu shingoni."

"Mama, na wateja nitawapima na macho?"

"Wapime na uzi."

"Uzi si ni kamba ndogo?"

"Mwende, usinijibu kama mwalimu!"

Jirani yao, mama mmoja wa Vihiga anayeuza mboga za kienyeji, akaja na yake. Kwao mjamzito haruki kamba ya ng'ombe, kitovu kitajifunga. Mwende akamuuliza Kangemi ameona ng'ombe wapi. "Ya kuanika nguo pia ni kamba," akajibu, na kuanzia siku hiyo Mwende alikatazwa kupita uani siku za kufua. Nilitaka kucheka lakini sikuweza, kwa sababu mama yetu pia alikuwa na lake, sivyo? Nakumbuka kama alikuwa anawakataza wajawazito kujifunga leso shingoni. Au ni wewe uliyekuwa unakataza? Mambo haya yamechanganyika kichwani mwangu. Sijui tena lipi nililisikia kwetu na lipi nimeliokota hapa Kangemi, ambapo kila kabila lina kamba yake ya kuogopa.

Baada ya siku chache Mama Mwende alikuja mlangoni kwangu na bakuli la muthokoi lililofunikwa vizuri. Akakaa, akaulizia magoti yangu, akasifu vitabu. Halafu akasema bila kuniangalia:

"Mzazi mwenzangu, si kwa ubaya. Lakini ningeomba usije kule nyumbani mpaka azaliwe. Wewe ukiingia, hiyo jina inaingia na wewe."

Nikamwambia nimeelewa. Hakunitukana, dada. Alikuwa na macho mekundu, na alikuwa amekwisha kuzika matumaini mawili ya binti yake. Lakini alipoondoka nilikaa na lile bakuli hadi likapoa. Nimeishi ugenini muda mrefu na nimezuiwa kwenye milango mingi kwa sababu ya kabila, au nguo, au kutokuwa na mtu wa kunijua. Sijawahi kuzuiwa kwa sababu ya namna nilivyotoka tumboni mwa mama yangu.

Nilikwenda River Road kutafuta kitabu. Kuna muuzaji wa vitabu vikuukuu anayetandaza turubai karibu na wauza misumari. Nikapata kitabu cha wakunga, jalada limeng'oka.

"Hiki ni cha manesi, mzee," akasema. "Kwani unaanza kazi?"

"Naanza kuogopa," nikamwambia. Akanipunguzia.

Nilikisoma kama nilivyokuwa nasoma prufu, kidole chini ya kila mstari. Nilielewa kwamba mtoto tumboni hapumui kwa koo. Hewa yake inapita katika kitovu chenyewe, ndani ya damu, kwa hiyo kitovu kikizunguka shingo hakimnyongi kama kamba inavyomnyonga mbuzi. Kina utelezi kama jeli, kinajifunga na kufunguka mtoto akicheza. Mara nyingi mkunga hukipitisha juu ya kichwa tu na kazi imekwisha. Na mara chache, kikibana sana, moyo wa mtoto hupungua kasi, na hapo watu wanatakiwa waharakishe. Yote niliyaelewa. Kisha nikafunga kitabu nikajikuta nimelegeza kola ya shati langu.

Hicho ndicho kilichonichanganya, na bado kinanichanganya. Kichwa kilikuwa upande wa kitabu. Mkono ulikuwa upande wa Mama Mwende.

Otieno naye alitaka mkewe apasuliwe mara moja, asingojwe. Daktari wa kliniki akamwambia hakuna sababu ya kisu, mtoto anacheza vizuri. Akipunguza kucheza, waje mbio bila kungoja asubuhi. Otieno akaniambia, "Baba, ati tungoje. Tunangoja nini? Tulingoja ile mara ya kwanza. Tulingoja ya pili." Nilitamani kumpa neno la baba. Nikamwambia daktari anajua. Akaniuliza, "Na wewe unajua?" Nikasema mimi niko hai, na huo ndio ushahidi wangu wote. Akageukia ukuta akalala.

Mwende alikuwa na akili kuliko sisi sote. Nilipita sokoni siku moja kununua mboga za sukuma, nikaona ananiita.

"Mzee, umetutoroka?"

Nikamwambia mama yake aliniomba nisije.

"Alisema nyumbani. Sokoni alisema?"

Nikavuta kigoda. Tepu ilikuwa shingoni mwake kama kawaida. Alikuwa anaivua akifika nyumbani tu. Akaniambia, "Mimi ndiye ninamsikia. Anacheza. Nyinyi wote mnamwogopa, na yeye huku ndani anaruka kamba." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, jambo ambalo sikuwa nimejiuliza: "Na wewe ilikuwaje? Mama yako alisema nini? Kilikuwa kimekubana?"

Nilimwambia ukweli, dada. Sijui. Najua jina langu tu. Tangu utotoni nimejua kwamba mimi ni yule aliyekuja na kitovu mwilini, na nilijivunia hilo shuleni, kwamba kifo kilinijaribu nikiwa sijavuta hata pumzi moja. Lakini nani aliyenisimulia? Si mama. Sikumbuki mama akisema neno juu ya siku ile. Nadhani nililijua jina, nikajitungia kisa kinacholingana nalo.

Wiki ya mwisho ilifika. Asubuhi moja Otieno alikuwa Spring Valley, ndani ya dari ya nyumba ya watu, simu yake mfukoni mwa koti, koti chini kwenye kiti. Mwende akaanza uchungu. Mama yake hajui hospitali iko upande gani, hana hata mtu wa kumpigia. Akaja mbio hadi ploti yetu, hii ya vyumba vya kupanga, akasimama langoni akaita, "Baba Otieno! Baba Otieno!"

Ploti yetu ina Baba Otieno wawili. Akatoka yule mwingine, fundi wa mawe, ambaye ndiye aliyenisimulia baadaye, povu la sabuni usoni.

"Ni mimi, mama. Kuna nini?"

"Si wewe! Yule mwingine!"

"Mwingine nani?"

"Yule mzee! Yule wa... wa vitabu!"

"Mama, mimi pia nasoma."

Mimi nilikuwa ndani nasikiliza taarifa ya habari, na unajua masikio yangu. Mama Mwende alikanyagakanyaga pale langoni, akatazama juu, kisha, mbele ya ploti nzima, akapiga kelele:

"Owinooo! Owino, toka, mtoto anakuja!"

Hilo nililisikia. Nilipotoka alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na macho yake, dada, sitayasahau. Alikuwa ameliita. Katika saa yenyewe, baada ya kujizuia kote kule.

Tulikodi teksi. Njiani Mama Mwende alishika mkono wa binti yake tu, na Mwende ndiye aliyekuwa anamtuliza. Hospitalini wakamchukua. Tukakaa kwenye benchi, mama yake upande huu, mimi ule, na kati yetu beseni la nguo za mtoto. Baada ya muda nesi akatoka akasema uchungu ukija moyo wa mtoto unapungua kidogo, wamemlaza kwa ubavu wa kushoto, na daktari amekaa tayari iwapo itabidi wampasue. Akarudi ndani.

Mama Mwende akasema, polepole, "Ni mimi."

Nikamwambia si yeye.

"Ni mimi. Nimemwita hiyo jina mpaka amekuja na kitovu."

Nilitaka kumsomea kitabu kizima. Nikakumbuka kila ukurasa, na hakuna hata mmoja ulionifaa pale. Badala yake nikasogeza lile beseni chini, nikakaa karibu naye, na sote wawili tukaangalia mlango. Niliomba, lakini sikujua niombe nini, kitovu kisiwepo au kiwepo kimelegea. Nikaomba yote mawili. Mungu achague mwenyewe.

Mtoto alilia kabla hatujaambiwa kitu. Kilio kikali, cha mtu mwenye koo wazi. Nesi akatoka anatabasamu.

"Mtoto wa kiume. Mama yuko sawa, mtoto yuko sawa. Hata kisu hakikuhitajika."

"Na kitovu?" Mama Mwende akauliza.

"Tumekata, mama."

"Shingoni! Kilikuwa kimembana shingo?"

"Shingoni hakukuwa na kitu."

"Lakini picha ilionyesha."

"Picha ni ya siku ile. Mtoto huogelea huko ndani, mama. Anajizungusha, kisha anajitoa."

Mama Mwende akakaa sakafuni, si kwenye benchi, akacheka na kulia kwa pamoja hadi wagonjwa wakaja kuangalia. Halafu akainuka, akajipangusa, akanigeukia, na uso wake ulikuwa umerudi ule wa zamani wa muthokoi na sauti kubwa.

"Haya! Sasa anaitwa Owino."

Na hapa, dada yangu, ndipo nilipojikuta nasema, "Hapana."

Akadhani hajasikia vizuri. "Aje hapana?"

"Hakuja na kitovu shingoni. Siwezi kumwita Owino mtu ambaye hakuja nacho. Na kwetu mtu hapewi jina la mtu aliye hai."

"Baba Otieno! Kikiwa shingoni ilikuwa shida. Sasa hakiko shingoni, bado ni shida?"

Otieno alikuwa amefika, vumbi la dari kwenye nywele. Akatutazama, yeye na mtoto wake mikononi. Alikuwa amemwacha mama mkwe wake akipigana na hilo jina, sasa anamkuta akilipigania, na baba yake mwenye jina ndiye anayelikataa. "Yawa, jamani," akasema, "nyinyi wazee amueni moja."

Mama Mwende ndiye aliyeniuliza swali lililonifanya nishike kalamu. "Na wewe nani alikupa? Ni kitovu, ama ni mtu?"

Nikasema ni kitovu. Nikasema haraka. Kisha nikakumbuka, nikiwa nimesimama palepale, kwamba baba wa baba yetu naye alikuwa Owino. Mimi sikumkuta. Kama alikuwa amekwisha kufa nilipozaliwa, basi huenda niliitwa kwa ajili yake, mtu alimwota marehemu akitaka mtoto aitwe kwa jina lake, kama itokeavyo kwetu, na kitovu hakikuhusika hata kidogo. Huenda nimejivunia bure miaka yote hii kifo ambacho hakikunigusa. Mimi niliyekuwa nafanya kazi ya kulinganisha prufu na karatasi ya mwandishi, sikuwahi kuuliza karatasi ya mwandishi ya jina langu iko wapi. Iko kwako, Akinyi. Waliokuwepo siku ile karibu wote wamelala. Wewe ulikuwa msichana wa kuteka maji tayari. Lazima walikutuma maji ya moto.

Kwa hiyo niambie, na usinifiche kwa huruma. Nilikuja nacho? Kilikuwa shingoni, au begani, au hakikuwepo kabisa? Kama jina nililipata kwa babu, basi linaweza kupita kwangu kutoka kwake likamfikia huyu mdogo, naye atakuwa amelirithi kwa marehemu na si kwangu, na Mama Mwende atapata Owino wake bila kuvunja desturi ya mtu. Kama nililipata kwa kitovu, litabaki kwangu, na tutatafuta jingine. Nimewaambia wote hivyo. Mama Mwende amesema sawa, atangoja, lakini ameongeza kwamba wewe ukikawia ataanza kumwita anavyotaka. Na ataanza, namjua.

Juzi niliruhusiwa kuingia nyumbani kwao tena. Mwende alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani, anapanga kumshonea shati la siku ya kubarikiwa kanisani. Alivua tepu shingoni mwake, na kabla mama yake hajaona, akaizungusha polepole kwenye shingo ya mtoto apate kipimo cha kola.

"Mwende!" Mama yake aliruka kutoka jikoni na mwiko mkononi.

Mtoto alipiga chafya. Mwende akaisoma tepu, akaitoa, akaiweka shingoni mwake mwenyewe.

"Nimepima, mama. Hakuna kitu hapo ila shingo."

Mama Mwende akaanza kucheka, nami pia. Nikamwinua kidevu huyo mgeni nikaangalia. Kweli. Mikunjo ya maziwa tu, na jasho kidogo.

Nisalimie mjane wa kaka yetu, mwambie dawa ya mgongo nitaituma na mtu wa kwanza anayekuja. Msalimie mwanao wa kwanza, mwalimu, na asikusomee barua hii haraka haraka. Msalimie yule shangazi wa ng'ambo ya mto ikiwa bado anakumbuka watu. Labda yeye pia anakumbuka siku ile. Otieno anakusalimu. Mwende anasema bado hajaweza kuunga samaki kama ulivyomwonyesha. Mama Mwende, ambaye hujawahi kumwona, anakusalimu kuliko wote, kwa sababu jibu liko mkononi mwako.

Mimi ni mdogo wako, ambaye mpaka utakapoandika ataendelea kuitwa

Owino